Sifa ya Mwisho ya Mwalimu Lugembe

Mbali kidogo na hapa, lakini si mbali sana, ipo nchi ambayo jina lake hatutalitaja. Si kwa woga. Ni kwamba sheria ya huko hairuhusu nchi itajwe bila kusifiwa, na sisi tunaosimulia tulishamaliza sifa zetu za mwaka kwenye harusi ya binamu mmoja ambaye, tukisema kweli, hakustahili.

Nchi hiyo iliwahi kupata msukosuko mkubwa wa sifa. Ulianza siku Mheshimiwa Mkuu alipohutubia uwanjani, na wananchi waliposhangilia, sauti zikatoka hafifu kama za watu waliokunywa uji wa moto. Tume ikaundwa. Ikazunguka nchi nzima kwa magari mapya, ikarudi na ripoti kwamba wananchi wanatapanya sifa ovyo. Wanasifia pilau. Wanasifia mafundi cherehani. Mama mmoja wa mkoa wa kusini alikutwa mchana kweupe akimsifia mbuzi. Kwa ubadhirifu wa namna hiyo, Waziri wa Sifa na Pongezi aliliambia bunge, ni ajabu kwamba Mheshimiwa Mkuu alikuwa akibakiziwa hata makombo.

Basi ikatungwa Sheria ya Matumizi Bora ya Sifa. Kila mtu mzima akapewa kadi ya sifa ya mwaka. Sehemu kubwa ya kadi hukatwa mapema, kabla haijamfikia mwenyewe, kwa ajili ya kuzaliwa kwa Mheshimiwa Mkuu, kupona mafua kwa Mheshimiwa Mkuu, na uzinduzi wa miradi. Kinachobaki ni cha mwananchi, ajipangie: ana ndugu anayeoa, ana mtoto anayefaulu, ana mzazi anayezeeka. Kila kata ikapata Afisa Sifa mwenye muhuri, wa kuhudhuria harusi na misiba na kugonga kadi ya kila aliyefungua mdomo. Aliyesifu kupita kadi yake alikwenda ndani.

Watu wakazoea. Mume akishiba vizuri alimwambia mkewe, "Nimekula." Kijana aliyependa alimwambia binti, "Una macho mawili, nimeyaona yote." Watangazaji wa mpira walisema "Umeingia," kisha wakanyamaza. Wizara ilikaa kikao kirefu kujadili kama "shikamoo" ni sifa, ikaamua kwamba ni salamu. "Marahaba" bado inachunguzwa.

Lawama ziliachwa bure. Mtu alaumu atakavyo, kutwa nzima, bila kadi wala muhuri, na Waziri alieleza kwamba huo ndio uhuru wa kutoa maoni. Masharti yalikuwa madogo tu, kwamba zisielekezwe juu. Hakuna aliyeona uzito katika hilo, kwa sababu huko juu hakukuwa na makosa.

*

Katika nchi hiyo alikuwapo binti aitwaye Zamda Kitwana, mwanafunzi wa Chuo cha Bondeni. Zamani Bondeni palifundishwa mambo mengi, lakini serikali ilibana matumizi, kozi zote zikaunganishwa kuwa moja: Stashahada ya Mapokezi. Mwaka wa kwanza walijifunza kutandika zulia jekundu. Mwaka wa pili, kuvisha mashada ya maua. Mwaka wa tatu, kusimama juani. Aliyehitimu alipangiwa uwanja wa ndege, kazi ya kudumu na ya kusimama, mpaka kustaafu.

Zamda alikuwa mwaka wa pili, na hakutaka kusimama. Alitaka kusoma uhandisi wa maji. Kijijini kwao kulikuwa na bomba lililokwisha kuzinduliwa na viongozi watano mmoja baada ya mwingine. Kila uzinduzi, lori la maji lilifichwa nyuma ya shule na kuunganishwa na bomba kwa mpira mrefu. Kiongozi alifungua koki, maji yakatoka, ngoma ikalia, mgeni akaondoka na lori likaondoka na maji yake. Tangu utotoni Zamda alikuwa na swali moja kichwani: maji yanakwama wapi? Mama yake alikuwa akitembea asubuhi nzima na ndoo kwa sababu ya swali hilo. Bondeni hapakuwa na wa kumjibu. Chuo Kikuu cha Kileleni, kule juu kwenye baridi, walikuwapo walimu wa jambo hilo hilo, na mwaka ule Kileleni walitangaza kwamba wanapokea wanafunzi wa kuhamia. Fani ya maji ilikuwa na nafasi moja.

Tangazo lilibandikwa ukutani. Mwombaji alete matokeo yake. Alete na insha ya kukisifu Chuo Kikuu cha Kileleni, kwa gharama ya kadi yake mwenyewe. Chini kabisa, kwa maandishi membamba, iliandikwa kwamba mwombaji anaweza pia kuleta barua ya mapendekezo kutoka kwa mwalimu anayemfahamu, na kwamba barua hiyo ni hiari.

Neno hilo la mwisho ndilo lililomtia Zamda homa. Alilisoma akiwa amesimama, akalisoma tena akiwa amechuchumaa, likabaki vile vile.

"Hiari maana yake usilete," alijifariji kwa sauti chumbani.

Mwasiti, aliyekuwa akilala kitanda cha juu, akacheka. "Wee. Baba yangu aliambiwa kuhama kwenye kiwanja chake ni hiari. Akasema ahsanteni, sihami. Kesho yake greda likaja kumsaidia kuchagua."

"Hiki ni chuo, Mwasiti. Si greda."

"Haya. Na ule mchango wa hiari wa keki ya Mheshimiwa Mkuu? Nani alikataa, na sasa yuko wapi?"

Hakuna aliyejua yuko wapi. Zamda akapiga simu Kileleni. Akapokelewa na Karani Mkuu wa Udahili, bwana mwenye sauti nzito iliyotoka taratibu, kila neno limepigwa pasi.

"Binti, barua ya mapendekezo ni hiari kamili, na naomba nisinukuliwe vibaya katika hilo," alisema. "Asiyeleta barua hatahesabiwa kama mtu asiye na barua. La hasha. Atahesabiwa kama mtu aliyechagua kutokuwa nayo. Kamati itauheshimu uchaguzi wake, na itajiuliza kwa nini."

"Kwa hiyo nilete?"

"Mimi nikikwambia ulete, itakuwa si hiari tena."

"Nisilete?"

"Binti, sisi hapa tunaheshimu uhuru wa mwombaji kupita kiasi. Siku njema." Simu ikakatwa.

Mwasiti alishuka kitandani akavaa kandambili zake. "Sasa umesikia mwenyewe. Nenda kwa Lugembe. Nani mwingine anakujua hapa?"

Zamda alijua tangu mwanzo kwamba ni Lugembe. Alikuwa akizungukazunguka neno hiari ili asifike huko.

*

Mwalimu Lugembe alikuwa mwalimu wa hisabati enzi za zamani za Bondeni. Sasa alifundisha Vipimo vya Zulia, na katika somo hilo, mlango ukiwa umefungwa, alichomeka hesabu za kweli kidogo kidogo. Zamda alijifunza kwake jinsi ya kupiga hesabu ya maji yanayopita kwenye mfereji, kwa kisingizio kwamba zulia limelowa.

Lakini wanafunzi walimfahamu zaidi mkewe. Bi Nyamizi hakuwa na cheo chochote chuoni. Alikuwa na jiko. Mwanafunzi yeyote aliyeishiwa mwisho wa mwezi aliishia kwenye jiko hilo, na Bi Nyamizi alimpakulia sahani ikajaa, akisema yeye mwenyewe ameshakula tangu saa ngapi. Kwa mwaka mmoja na nusu Zamda alikuwa amekula pale zaidi kuliko alivyokula bwaloni. Tangu masika, Bi Nyamizi alikuwa amevimba miguu na kukosa pumzi. Alipika akiwa amekaa kwenye kigoda, kisha akaacha kupika, akawa analala chumba cha ndani nyuma ya pazia, akielekeza wengine kwa sauti jinsi ya kuunga mchicha.

Barua ya mapendekezo ni kitu kizito kwenye kadi. Sherehe ya kuzaliwa mtoto ni kijisehemu, harusi ni robo, lakini kumsifu mtu kwa maandishi, kwa mambo yote aliyonayo, hula kipande kizima. Na katika nchi hiyo kila mtu mwenye mgonjwa ndani ya nyumba huweka kipande kimoja kizima bila kusema anakiwekea nini. Hakuna anayeuliza. Zamda alilijua hilo kama anavyojua jina lake, na ndilo alilokuwa akilifikiria alipopiga hodi.

"Karibu, mwanangu," alisema Mwalimu. "Ingia, usisimame hapo mlangoni kama unapokea mgeni wa taifa."

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mpaka watakapoizuia."

Zamda akaeleza yote, tangazo, nafasi moja, neno hiari, sauti ya Karani. Alieleza haraka haraka akitazama sakafu. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaishusha kadi yake kutoka juu ya kabati, ilipokuwa imelalia kikasha cha dawa. Akaipanguza kwa kiganja.

"Nimebakiwa na kipande kimoja," alisema. "Nimekiweka."

"Umekiwekea nini, Mwalimu?"

Hapo ndipo Zamda alipoanza kukosea, na alijua anakosea wakati maneno bado yako mdomoni. Alijua kipande kile ni cha nini. Aliuliza ili Mwalimu ashindwe kukitaja. Mwalimu kweli alishindwa. Alitazama pazia, akatazama kadi, akasema, "Nimekiweka tu."

Nyuma ya pazia kitanda kikalia. "Lugembe," Bi Nyamizi aliita, na kila neno lilisubiri pumzi yake. "Mwandikie mtoto. Hicho kipande nakijua ni cha nini. Mimi sina haraka nacho."

"Wewe lala."

"Nimelala. Mwandikie."

Kulikuwa na neno ambalo Zamda alitakiwa kulisema wakati ule. Lilikuwa fupi: basi, Mwalimu, acha. Lilifika mpaka ulimini, likakaa. Akalimeza, akasema, "Nitashukuru sana, Mwalimu," na masikio yakamwaka moto.

Mwalimu aliandika kwa siku mbili. Siku ya tatu wakaenda pamoja kwa Afisa Sifa wa kata, Bwana Selestini, mtu mnene mwenye upole wa mtu anayejua kwamba muhuri uko kwake. Bwana Selestini akaipima bahasha kwa mkono, akagonga kadi, akagonga bahasha.

"Kadi sasa ni tupu," alitangaza, kama anayewatakia heri. "Kwa mujibu wa kifungu, barua hii ikirudishwa kwangu kabla haijapokelewa na mlengwa, sifa inarejea kwa mwenyewe papo hapo. Ikishapokelewa, imetumika. Sifa si nguo, kwamba utaijaribu halafu uirudishe."

Mwalimu akamkabidhi Zamda bahasha kwa mikono miwili. "Peleka, mwanangu," alisema. Hakusema zaidi, kwa kuwa hakuwa na cha kusemea.

*

Barua ilikaa chini ya mto wa Zamda wiki nzima. Alikuwa amekwisha kutuma matokeo na insha. Insha ilimaliza kadi yake yote. Aliyasifu majengo ya Kileleni ambayo hakuwahi kuyaona, akaisifu na hewa yake. Kilichobaki ni hiyo hiari.

Siku moja mchana Mwasiti akaja kutoka bwaloni na sahani mkononi. "Bi Nyamizi kazidiwa. Walimpeleka zahanati, wakamrudisha. Wanasema akae nyumbani."

Zamda akainuka bila kuaga, akachukua bahasha, akaenda moja kwa moja ofisini kwa Bwana Selestini. Njia nzima nafsi ilikuwa ikimsuta, na alishukuru kwamba inamsuta, maana ilimwongezea mwendo. Ndani alimkuta bwana harusi mmoja akiomba akopeshwe sifa za bi harusi mpaka mwaka ujao. Ombi lake lilikataliwa kwa adabu. Zamu ya Zamda ikafika.

"Unarudisha?" Bwana Selestini aliuliza, akiinua muhuri. "Nagonga hapa, nagonga pale, mwenyewe anapata kipande chake leo hii."

Bahasha ilikuwa imeshafika mezani, na kidole kimoja cha Zamda kilikuwa bado juu yake.

"Nikirudisha," alisema, "kule Kileleni nitaonekanaje?"

"Utaonekana umechagua."

Wakati huo sababu zikaanza kumjia, nyingi na kwa haraka, kama watu waliosikia mlango umefunguliwa. Wagonjwa hupona, shangazi yake alivimba miguu hivyo hivyo na sasa analima. Bi Nyamizi mwenyewe alisema aandikiwe. Kurudisha alichokitoa Mwalimu kwa mkono wake ni kumdharau. Nafasi ni moja. Mama yake yuko njiani na ndoo sasa hivi. Kila sababu ilikuwa ya kweli, na hilo ndilo lililomtesa baadaye, kwamba hakujidanganya hata kwa moja.

"Nilikuwa naulizia tu," alisema Zamda, akaivuta bahasha.

"Kuulizia ni bure," Bwana Selestini alimjibu kwa ukarimu, akashusha muhuri.

Zamda akavuka barabara mpaka posta na kuitumbukiza. Sanduku lilitoa mlio mdogo wa bati. Alisimama hapo kitambo akitazama lile tundu, akaona kwamba mkono wake hauwezi kupita, na akajiona ana nafuu kwamba hauwezi. Nafuu hiyo ilimtia aibu kuliko kitendo chenyewe.

*

Majibu yalikuja upesi: Zamda Kitwana amepata nafasi. Akapanda kwenda Kileleni kujiandikisha. Baridi ilikuwa kweli, na hewa haikuwa kama alivyoisifu.

Karani Mkuu wa Udahili alikuwa mfupi kuliko sauti yake. Alimpa Zamda mkono wa pongezi bila maneno, kwa sababu za kisheria, akamwonyesha mahali pa kutia sahihi. Meza ilikuwa inayumba. Zamda akainama kuangalia, akaona mguu mmoja wa meza umewekewa rundo la bahasha ili usicheze. Bahasha ya juu kabisa ilikuwa na muhuri wa Bwana Selestini na mwandiko wa Mwalimu Lugembe. Ilikuwa imefungwa vile vile ilivyotoka mikononi mwake.

"Barua yangu haijafunguliwa," alisema.

"Ndiyo hiari yenyewe," Karani alifafanua, akifurahi kuulizwa. "Mwombaji ana hiari ya kuleta, na kamati ina hiari ya kusoma. Usawa ulioje. Aidha, kusoma sifa za mtu mwingine wakati Mheshimiwa Mkuu yupo hai kunaweza kueleweka vibaya. Kamati iliona busara isijiingize."

"Sasa mlinichagua kwa nini?"

"Ulikuwa mwombaji peke yako. Fani ya maji haina watu. Wenzako wote mia tatu na kitu waliomba Shahada ya Juu ya Mapokezi."

Zamda akashika ukingo wa meza, ambayo haikuyumba. "Naomba nirudishiwe. Haijafunguliwa. Afisa Sifa alisema isipofunguliwa..."

"Alisema isipopokelewa. Hii imepokelewa, iko kazini." Karani akaisogeza kalamu. "Tia sahihi hapo, binti, na hapo."

Alitia sahihi hapo na hapo. Alipotoka nje simu ikaita, na kabla Mwasiti hajasema chochote Zamda akasikia anavyopumua, akajua.

"Bi Nyamizi hatunaye," Mwasiti alisema. "Alfajiri. Mazishi ni kesho saa kumi."

*

Uwanja wa nyumba ya Mwalimu Lugembe ulijaa. Walikuja waliowahi kula pale miaka mingi iliyopita, wengine vichwa vina mvi, wengine na watoto mgongoni. Katika misiba ya nchi hiyo, kabla ya kwenda makaburini, hutengwa muda wa kumsifu marehemu, na anayeanza ni mwenye msiba. Bwana Selestini alikaa mbele na meza yake ndogo na muhuri.

"Kwa masikitiko ya kiwango kinachoruhusiwa," alianza, "nawakumbusha wafiwa kwamba juma lililopita Mheshimiwa Mkuu alipona mafua, na kadi zote zimekatwa makato ya dharura. Nimeangalia. Katika uwanja huu hakuna kadi yenye kitu. Na kadi ya mfiwa mwenyewe," akashusha sauti, maana hakuwa mtu mbaya, "ilikuwa tupu tangu mapema, kwa hiari yake. Kwa hiyo tutanyamaza kidogo, halafu tutakwenda."

Wakanyamaza. Watu zaidi ya mia mbili, kila mmoja amejaa maneno mpaka kooni, wakatazama miguu yao. Zamda alikuwa nyuma karibu na jiko, na alikuwa wa pekee pale aliyejua jinsi kipande kile kilivyotoka nyumbani kwa kusukumwa, na kwamba sasa kinashikilia meza. Alitamani ardhi immeze. Alitamani mtu ageuke amwone.

Mwalimu Lugembe akasimama. Bwana Selestini akamwonyesha kadi tupu, kwa huruma. Mwalimu akatikisa kichwa.

"Mimi nina malalamiko," alisema.

Watu wakainua vichwa.

"Huyu mwanamke alikuwa mwongo. Tangu nimemwoa ananiambia ameshakula. Nimekuja kugundua uzeeni kwamba hakuwa amekula. Alikuwa mkaidi. Nikisema pumzika, anasema naja, na haji. Amenidekeza mpaka leo sijui chumvi inakaa wapi katika nyumba yangu mwenyewe. Nitakula bila chumvi, na makosa ni yake." Akageukia jikoni. "Na kubwa zaidi, ameondoka mbele yangu, wakati tulipatana kinyume chake. Nalalamika."

Bwana Selestini alikuwa ameinua muhuri. Akabaki ameuinua. Akafungua kitabu cha sheria, akapitisha kidole juu chini, akakifunga taratibu. Lawama ni bure.

Jirani akasimama. "Na mimi. Aliniharibia watoto. Wakitoka kwake hawagusi chakula changu." Mzee mmoja, mtani wa ukoo wa marehemu, akasimama na kofia mkononi: "Hata kufa hajui kufa, kafa na kikapu changu hajanirudishia, na sikitaki tena." Watu wakaangua kicheko na kilio kwa pamoja. Wakafuatana. Alitufanya wezi, alituachia mlango wa jiko wazi. Alinikemea nilipotaka kuacha shule, nikakosa raha mpaka nikahitimu. Mwisho Bwana Selestini mwenyewe akavua kofia na kusema kwamba marehemu alimkaribisha chakula akiwa kazini, kinyume cha taratibu, zaidi ya mara moja, na kwamba analiweka hilo wazi.

Zamda akajikuta yuko mbele. Hakukumbuka kutembea.

"Mimi namlaumu kwa sababu alimwambia Mwalimu, mwandikie mtoto," alisema. "Angenyamaza. Angesema hapana, hicho ni changu. Mtoto mwenyewe alikuwa anajua ni chake. Alikuwa amesimama pale pale, anajua, akakichukua."

Akangoja uwanja umgeukie kwa hasira. Akina mama wakalia kwa sauti kubwa kuliko mara zote. "Umesema, mwanangu," mmoja alimwambia akimvuta kifuani. "Ndivyo alivyokuwa. Hakuwa na chake." Mzee mtani akavaa kofia akasema hakuna aliyemlaumu marehemu vizuri kama yule binti. Na Zamda alikaa chini katikati ya mikono iliyokuwa ikimpapasa mgongo, akiwa amesema kweli yote, na kweli yote ikawa sifa.

*

Waliporudi kutoka makaburini alimfuata Mwalimu, aliyekuwa peke yake ukutani akivua viatu vyenye udongo.

"Mwalimu, sikuwa nasema utani pale mbele."

"Najua."

"Hawakuifungua. Nilikuwa mwombaji peke yangu, ningepata hata bila barua. Na kabla ya kuituma nilifika kwa Bwana Selestini, nikaiweka mezani. Ilikuwa kuachilia kidole tu. Nikaichukua tena."

Mwalimu aligonga kiatu ukutani, udongo ukadondoka. "Kwa hiyo hakuna aliyeisoma," alisema.

"Hakuna."

Akakigonga na cha pili. Uso wake ulikuwa umechoka tu, na Zamda aliuchungua upande hadi upande akitafuta lawama.

"Nilaumu, Mwalimu," alisema. "Ni bure. Hata kwa neno moja."

Mwalimu Lugembe akaviweka viatu chini. "Kileleni kuna baridi," alisema. "Una blanketi?"

"Sina."

"Ingia ndani, mwambie dada yake Nyamizi akupe lile la kijani. Na upitie jikoni kwanza, ule kabla hawajaosha sufuria. Safari yako ni ndefu."

Akavaa viatu, akaenda kuwapa mkono watu waliokuwa wanaaga. Zamda akabaki pale ukutani akisubiri, mpaka akina mama wakamwita mara ya tatu aje kula.